Sura ya Nne: Kiti Kilichokalia Damu

Mtu aliyekuwa akiitwa Miwani alilala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba cha kukuzia seli maabarani, na miwani yenyewe ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomkera Mama Pole kabla ya mengine yote. Kichwa kilikuwa kimepondwa upande wa kushoto mpaka sikio limezama ndani kama kifungo cha godoro. Meno yalikuwa yamerukia chini ya sinki. Damu ilikuwa imetembea hadi kizingitini, ikachoka, ikagandia hapo. Lakini miwani ilikaa mezani karibu na hadubini, imekunjwa vizuri, kama vile mwenyewe ameenda kuoga na anarudi.

Mama Pole alikuwa inspekta, na jina hilo alipewa na wezi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto mgonjwa, na kila alipotaka kumfunga mtu pingu alimwambia kwanza pole. Mjini ilijulikana kwamba akikupa pole, imekula kwako.

Aliinama, magoti yakamlalamikia, akatazama. Msaidizi wake, Koplo, mwanamume wa makamo mwenye ngumi kubwa kuliko subira, alisimama mlangoni amejiziba pua kwa leso. Akasema kwamba hii ni kazi ya mtu mwenye hasira.

"Hata mimi nina hasira," alisema Mama Pole. "Maliza."

Koplo akabana leso zaidi, basi Mama Pole akamaliza mwenyewe. Mwenye miwani akichungulia hadubini huivua kwanza, la sivyo vioo vinagongana. Kwa hiyo Miwani alipigwa akiwa amechungulia, amempa muuaji mgongo. Nani unampa mgongo wako ukiwa peke yako siku ya mapumziko kama jana? Mtu uliyemzoea. Au mtu unayemdharau, lakini huyo naye lazima uwe umemzoea.

Kilichompiga hakikuwa mbali. Ukutani palisimama mtungi wa gesi ya kaboni unaolisha kabati la joto, lile kabati ambamo seli hukuzwa, na kwenye shingo ya mtungi ilining'inia spana nzito kwa mnyororo. Mnyororo ulikuwa mrefu wa kutosha kumfikia mtu aliyeketi kwenye hadubini. Spana ilikuwa imefutwa kwa spiriti ikang'aa, kitu pekee safi kwenye chumba kizima. Mama Pole alichomeka kijiti cha meno kwenye kiungo cha kwanza cha mnyororo, akakizungusha. Kikatoka chekundu na unywele mmoja.

"Muuaji anajua kufuta spana, mnyororo hajui," alisema. "Utadhani mume wangu marehemu na vyombo."

Halafu akakiona kiti.

Kilikuwa kiti cha duara chenye magurudumu, kimesimama mbele ya kabati la hewa safi, lile lenye kioo ambamo watu wa maabara huingiza mikono kufungua chupa zao. Mama Pole alikiinua kidogo kwa kidole kimoja. Chini ya kila gurudumu kulikuwa na damu, na damu hiyo ilikuwa imeburutwa. Kiti hakikumwagikiwa. Kiti kilisogezwa juu ya damu ikiwa bado mbichi.

Akasimama wima na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ya kubembeleza ikakauka. Kuna mtu aliyemponda Miwani kichwa, kisha akafuta spana, akavuta kiti, akakaa na maiti kisiginoni mwake, na akafanya kazi.

"Kazi gani?" aliuliza Koplo.

Jibu lilikuwa nje, linapiga kelele.

* * *

Aliyepiga kelele ni mtafiti wa kike ambaye jengo zima walimwita Mlezi, kwa sababu ndiye aliyezilisha seli na kuzisemesha kama watoto wachanga. Alikuwa mfupi, mkavu, na ulimi wake haukuwa na breki. Askari wawili walimshika mikono asivuke kamba. Aliwaambia kwamba Miwani amekufa, na yeye atamlilia mpaka macho yatoke, lakini ndani ya kabati kuna seli zilizo hai, na seli hizo ni mguu wa mtu. Wakizichelewesha, wawe tayari kwenda wodini wakamweleze mwenye mguu.

Mama Pole akawaamuru wamwachie, akampa viatu vya plastiki, akampitisha kando ya ukuta, na akamwomba amweleze polepole, kama anavyomweleza bibi asiyesikia vizuri.

Mwenye mguu alikuwa msichana wa chuo, binti pekee wa Profesa, mkuu wa maabara ile. Sukari ilimwingia akiwa mdogo na ikakaa. Mshipa wa damu, alisema Mlezi, ni bomba, na ndani yake umetandikwa seli tambarare, safu moja tu, kama vigae. Sukari hubandua vigae. Vikibanduka, bomba linaziba. Binti sasa kidole gumba cha mguu kimekuwa cheusi, kidonda kinapanda, na daktari wa upasuaji amekwisha kupanga kuukata mguu chini ya goti kesho asubuhi, isipokuwa dawa ya maabara hii itangulie.

"Na dawa yenyewe ni hizo seli."

"Ndipo ugomvi ulipo, mama."

Mwilini, alieleza, kuna seli shina, ambazo bado hazijachagua kazi. Baadhi huanza kuchagua, zinakuwa seli tangulizi: mwanagenzi aliyekabidhiwa mwiko lakini hajajenga bado. Hizo huelea kwenye damu, na mshipa ukiumia zinausikia na kuukimbilia. Walimchukua Binti damu, wakazichuja humo hizo chache alizo nazo, wakazikuza zikawa nyingi. Mpaka hapo hakuna aliyebishana. Lakini Profesa maisha yake yote amefundisha kwamba seli zikidungwa mguuni zinashuka zenyewe, zinajipanga, zinakuwa vigae vipya. Miwani akaja na panya wake akasema hapana. Zinafika, zinapiga kelele, majirani waliolala ukutani wanaamka na kujenga, na zenyewe baada ya siku chache hazipo. Kinachotibu ni kelele. Na kelele hizo ni protini ambazo seli huzitoa kwenye maji ya lishe zinamokulia. Kwa hiyo Miwani alitaka Binti adungwe maji, si seli, kwa sababu seli za mwenye sukari nazo ni goigoi, ila zikikaa kwa utulivu zinapiga kelele za kutosha.

Mama Pole alisema kwamba kwao kulikuwa na shangazi wa namna hiyo. Hakubeba tofali hata moja, na nyumba iliisha.

Mlezi alitaka kucheka, akamwona Miwani, kicheko kikageuka kitu kingine. Alifungua kabati la joto ili asimtazame tena. Akatoa chupa bapa ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga. Akatoa ya pili. Ya tatu ilimtetemeka mkononi.

"Nani amezilisha?"

Maji ya lishe, alisema, yakiwa mapya yana rangi ya waridi. Seli zikila zinayachachua, yanaelekea machungwa, mwisho yanakuwa ya njano. Mara ya mwisho yeye alizilisha kabla ya mapumziko. Leo zilitakiwa ziwe njano zikilia njaa. Lakini chupa zote za Binti zilikuwa za waridi.

"Huenda Miwani mwenyewe, kabla hajafa," alisema Koplo.

Mlezi akatikisa kichwa kwa nguvu. Yeye na Miwani hawakuwa wakibadilisha maji yote. Walitoa nusu, wakaitia kwenye friza kwa ajili ya sindano ya Binti, na nusu wakaiacha chupani ili seli zisipoteze zilichokwisha kusemezana. Ukichanganya nusu kuukuu na nusu mpya unapata rangi ya machungwa iliyopauka. Hii hapa ni waridi tupu, waridi ya harusi.

"Huyu amefyonza yote," alisema Mlezi, "akayamwaga kwenye ndoo ya klorini. Maji ya siku zote hizo. Amemuua Miwani, halafu ameiua na dawa. Imebaki ile ya friza tu."

Mama Pole aliitazama ile ndoo chini ya meza, kisha kiti, kisha mgongo wa maiti. Alikuwa amekwisha kupata kazi iliyofanyika. Alikuwa bado hajampata mfanyakazi.

* * *

Koplo, yeye, alikuwa naye tayari.

Mlinzi wa geti alikuwa amemwona mpeleka mitungi, mwanamume mrefu wanayemwita Ngamia, akifokeana na Miwani siku ile ile ya mapumziko. Kiti nacho kilikuwa kimeshushwa mpaka chini kabisa, na Mlezi alikuwa ameeleza kwamba kabati lile lina nafasi finyu ya magoti, na mwenye miguu mirefu hawezi kukaa bila kukishusha. Koplo aliunganisha haya mawili kwa gundi ya furaha. Mama Pole alipofika kituoni, Ngamia alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, jicho moja limefungwa kwa uvimbe, mdomo umepasuka, na Koplo alikuwa sakafuni ameshika upande wa kichwa huku damu inapita katikati ya vidole. Kipande cha sikio lake kilikuwa bado kinywani mwa Ngamia.

"Tema," alisema Mama Pole.

Ngamia akatema mezani.

Alimtuma Koplo hospitali akashonwe, na akamwambia achukue kipande chake. Kisha akavuta kiti, akampa Ngamia kitambaa cha maji na kumwuliza walifokeana nini. Ngamia alisema alipeleka mtungi siku ile, Miwani akaupima, akakuta umepungua, akamfokea kwamba gesi ikikata kabati litaharibika na humo ndani kuna mguu wa mtu. Ngamia alimjibu kwamba yeye anauza gesi, hauzi miguu. Wakatukanana vizuri tu, kiungwana, na yeye akaondoka na mtungi wake akamletee mwingine.

"Ulipotoka, ukamwacha anafanya nini?"

"Amechungulia kile kidubwasha chake, mama. Ananitukana bila hata kugeuka."

"Wewe ungetaka kuzilisha zile seli, ungezilishaje?"

Ngamia alimtazama kwa jicho lake moja lililobaki wazi, akitafuta mtego uko wapi. "Kuzilisha nini? Mkate?"

Mama Pole akamfungua pingu. Akamwambia kwamba Koplo atamlipa jicho kwa namna atakayojua mwenyewe, na sikio wahesabu limelipwa. Hakumpa pole, na Ngamia, aliyekuwa akilijua lile jina, alitoka mbio kabla Mama Pole hajakumbuka kumpa.

Alibaki Mlezi, na Mlezi alikuwa amedanganya. Alisema siku ya mapumziko alikuwa kwa wifi yake. Mama Pole alimpigia wifi, na wifi akamweleza kwa kirefu kwamba huyo mtu hajakanyaga kwake tangu ugomvi wa mapazia. Alipoulizwa tena, Mlezi alitazama dari, akatazama kucha zake, na mwishowe akasema alikuwa na daktari wa upasuaji. Mama Pole akauliza kama walikuwa wakiujadili mguu wa Binti. Mlezi akasema mwanzoni.

Daktari wa upasuaji, mume wa mtu na baba wa watatu, aliitwa pembeni ya korido ya wodi. Alikiri haraka mno, akataja nyumba ya wageni, chumba, na mhudumu aliyewaletea chai. Aliuliza kama ni lazima mke wake ajue. Mama Pole alisema yeye ni polisi, hana kazi na ndoa. Ila amtazame machoni na amjibu jambo moja: kesho asubuhi, ni seli au ni maji?

Daktari akasema kibali cha majaribio kinaruhusu vyote viwili, ila si kwa pamoja. "Mguu si sufuria, afande. Nikichanganya, nitajuaje kilichoponya? Binti achague kimoja. Na asipopata chochote mpaka asubuhi, nakata."

* * *

Aliyebaki alikuwa mrefu, amezoeleka, hakuamini maji, na alikuwa na sababu ya kutoziacha seli zife hata kama dunia inaungua. Mama Pole alijua. Lakini kujua si kitu cha kupeleka mahakamani, na damu ya kwenye mnyororo ilikuwa ya Miwani, si ya aliyeushika. Akamwita Profesa.

Profesa alikuja na koti jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Alisimama mlangoni. Maiti ilikuwa imeondolewa, damu bado ilikuwa pale, nyeusi, na kila kitu kingine kilikuwa mahali pake. Koplo alisimama kando ya friza, kichwa kimefungwa bandeji kama aliyetolewa jino kupitia sikioni. Mlezi alisimama karibu naye, mikono imefumbatwa.

Mama Pole akaeleza kwa sauti ile ya mtoto mgonjwa kwamba seli zina njaa, Mlezi mikono inamtetemeka, na binti wa watu anasubiri. Polisi wamemaliza kupiga picha. Kama Profesa angeweza kuzilisha mwenyewe, angewasaidia. Lakini aanze na hii chupa moja.

Hiyo chupa moja haikuwa ya Binti. Ilikuwa ya seli za panya, Mlezi aliichagua na kuiaga. Profesa hakuulizia. Alivaa glavu, akapita juu ya damu bila kutazama chini, mguu wake mrefu ukijua mahali pa kukanyaga, na akakaa.

Akakaa tu. Basi.

Mlezi alipumua kwa sauti. Kwenye maabara ile kila mtu, kabla makalio hayajagusa kiti, mkono huenda kwenye kishikio cha chini kukipandisha au kukishusha, kwa sababu kila anayekaa hukuta kimo cha aliyemtangulia. Wanafanya hivyo bila kujijua, kama mtu anavyojikuna. Profesa mkono wake haukwenda popote. Kiti kilikuwa tayari kwenye kimo chake, na mwili wake ulilijua hilo kabla yeye hajalikumbuka.

Akawasha mashine ya kufyonzea maji. Akaingiza ncha kwenye chupa, akaiinamisha, na maji ya njano yakapanda mrijani, yakapanda, yakapanda, mpaka chupa ikakauka. Yote yakaingia kwenye klorini. Akamimina mapya. Waridi ya harusi.

"Hukuacha nusu," alisema Mama Pole.

"Nusu ya nini? Yale ni mavi yao."

"Miwani alikuwa akiacha nusu."

"Miwani alikuwa mjinga."

"Na siku ile," alisema Mama Pole, "ulikaa hapo hapo akiwa kisiginoni mwako? Au ulimsogeza kwanza?"

Mrija wa mashine uliendelea kunguruma. Profesa akautazama mkono wake. Akatazama kishikio cha kiti. Alikuwa mtu mwenye akili, na ilimchukua muda mfupi tu kufika pale walipokuwa wote wakimsubiri.

"Mkimpa yale maji mtamkata mguu," alisema.

"Pole, Profesa," alisema Mama Pole, akatoa pingu.

Hapo ndipo alipoinuka. Chini ya meza palikuwa na chupa ya chuma yenye nitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, na hakuna aliyewaza kwamba mzee wa umri ule angeiinua kwa mkono mmoja. Aliirusha nitrojeni yote kifuani kwa Koplo. Kwenye ngozi tupu ingeteleza ikapotea, lakini ilinaswa na shati, na shati likawa bati. Koplo alipiga yowe, akalishika kifuani kulivua, vidole vikabaki vimenata. Chupa yenyewe ilifuata nyuma, ikampata kwenye mtulinga. Uliitika kama kijiti kikavu.

Profesa hakukimbilia mlango. Alikwenda kwenye friza. Alimsukuma Mlezi kwa kiwiko, akampasua mdomo, akafungua mlango, akavuta droo na kuanza kutoa vichupa vya Miwani, akivipiga ukutani kimoja kimoja, vikipasuka na kumwaga barafu ya njano. Mlezi akamrukia mgongoni, akamng'ata shingo. Profesa akamtupa. Mlezi aliteleza kwenye damu ya Miwani, akaanguka na kichwa chake kikagonga mguu wa meza, na hakunyanyuka.

Mama Pole hakuwa mwepesi. Alikuwa mzito, na leo uzito ulifaa. Aliupiga mlango wa friza kwa bega lake lote wakati mkono wa Profesa umo ndani mpaka kwenye kiwiko. Mfupa ulilia. Profesa akapiga kelele, akamshika koo kwa mkono mwingine, vidole virefu vikamzunguka na kukaza mpaka akaona vimulimuli. Mama Pole akaurudisha mlango nyuma kidogo, akaupiga tena. Vidole vikalegea. Akaupiga mara nyingine, na hiyo, tuseme ukweli, haikuwa ya lazima.

"Nilikupa pole mapema," alisema akihema, "ili nisirudie."

Alimkalia. Mkono wa mzee uliobaki mzima aliufunga pingu kwenye mguu wa friza, akaenda kwa Mlezi akampiga makofi mpaka akafumbua macho na kumtukana, akaita machela ya Koplo. Ndipo akarudi, akachuchumaa mbele ya mzee.

Profesa alikuwa akilia bila sauti. Alisema alikuja siku ile kuzitazama seli za mwanawe tu. Miwani alikuwa amechungulia panya. Akamwambia Profesa kwamba ameandika maombi Binti apewe maji, kwa sababu seli zote za Profesa kwenye panya zimekwisha kufa, hata moja haikuwa kigae. Miaka yote ile.

"Aliniambia bila kugeuka," alisema. "Hata jicho hakulitoa pale. Kama ananiambia mvua inanyesha."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Halafu nikaziona seli za mwanangu zimekuwa njano."

* * *

Binti alikuwa ameketi kitandani, mto chini ya mguu, kidole gumba cheusi kama jiwe la barabarani. Alikuwa na macho ya baba yake. Mama Pole alisema yote akiwa amesimama, kwa sababu akikaa angeanza kumpapasa mkono, na msichana yule hakuonekana mtu wa kupapaswa. Daktari wa upasuaji alisimama miguuni pa kitanda. Mlezi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umeshonwa, ameshika sanduku la plastiki la barafu mapajani mwake. Vichupa vilivyobaki humo vilikuwa vichache, lakini vilitosha.

Binti hakulia.

"Shangazi, alimpiga mara ngapi?"

Mama Pole alifikiri kudanganya, akaacha. "Zaidi ya moja."

"Moja ingekuwa hasira," alisema Binti.

Daktari akajikohoza, akamweleza yale ya kibali: seli zake mwenyewe, ambazo baba yake amezikuza, au maji ya Miwani. Hakuna anayejua kwa hakika. Vikishindikana, kisu bado kipo. Binti aliutazama ule mguu kama mtu anayetazama ndugu asiye na uhakika kama ni wake.

"Miwani alikuwa anakuja hapa," alisema. "Ananiuliza kama nausikia mguu. Baba alikuwa anauliza kidonda kina ukubwa gani."

Akamtazama Mlezi. "Nidungeni cha Miwani."

Daktari akaliondoa jina lake kwenye ubao wa chumba cha upasuaji wa asubuhi. Mlezi akafungua kichupa cha kwanza, akakishika kwenye viganja kikayeyuka, na akaanza kuzunguka kidonda na sindano, hatua kwa hatua, kuelekea juu, huku mkono wake uliokuwa ukitetemeka asubuhi umetulia kabisa. Mara moja Binti alifumba macho. Mara moja akasema anausikia, unauma, na Mlezi akamwambia vizuri sana, nyamaza.

Mama Pole aligeuka aende. Koo lilikuwa limevimba, alama za vidole vya mzee bado ziko pale. Alifika mlangoni Binti akamwita.

"Na seli zangu? Bado zipo?"

"Zipo."

"Mtazitupa?"

Mama Pole alimtazama Mlezi, Mlezi akatazama sindano.

"Zilisheni," alisema Binti. "Hazijaua mtu. Ila maji msiyamwage yote."